Soksi ya Krismasi kutoka Dar es Salaam hadi Leeds: Tathmini ya Zawadi Ndogo kwa Mtoto Aliyekwisha Kuwa Mtu Mzima

Mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima na anayeishi ng'ambo ni mgumu kumchagulia zawadi, kwa kuwa mshahara wake unamtosha kununua anachokihitaji, chumba chake ni kidogo, huhama nyumba kila mkataba wa pango unapokwisha, na kila unachomtumia hupita mikononi mwa watu wengi kabla hakijamfikia. Binti yangu ni muuguzi mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na nyumba anayoishi pamoja na wauguzi wenzake ina desturi ya Kiingereza ya kutundika soksi kubwa mwezi wa Desemba, ambamo kila mmoja hutiliwa vitu vidogo vidogo avifungue asubuhi ya Krismasi. Wenzake hutumiwa vya kwao kutoka Manila, Kerala na Lagos, nami nimeona si haki soksi yake ijazwe na vitu vya dukani vya huko peke yake wakati mama yake yuko hai na ana miguu ya kumfikisha Kariakoo.

Vitu ninavyovitathmini hapa ni vile nilivyovinunua Dar es Salaam na Unguja kwa ajili ya soksi hiyo, na nimevipima kwa mambo manne: viingie ndani ya soksi bila kuilazimisha, vihimili safari, vipite forodha bila mjadala, na vitumike mpaka viishe au vichakae. Hilo la nne ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Kinyago kikubwa cha twiga humfurahisha mpokeaji siku moja, kisha kila anapohama huwa mzigo ambao hawezi kuutupa kwa sababu umetoka kwa mzazi, ilhali kopo la kahawa humfaa asubuhi baada ya asubuhi na likiisha halimdai nafasi kabatini.

Sheria za forodha zinapaswa kutangulia, kwa kuwa ndizo zinazoamua nusu ya uchaguzi. Uingereza hairuhusu nyama wala bidhaa za maziwa kutoka nchi kama yetu, ziwe kwenye begi la msafiri au kwenye kifurushi cha posta, kwa hiyo samli ambayo akina mama wengi hupenda kuwatumia watoto wao haina njia halali, hata ikiwa imefungwa vizuri namna gani. Mbegu za kupanda, kama zile za mchicha ambazo vijana wenye vibustani vyao huziomba, zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na hakuna anayehangaikia cheti kwa ajili ya pakiti ya soksi. Kwa upande wa kodi, zawadi inayotumwa na mtu kwa mtu kwa njia ya posta, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa au sikukuu ya dini, haitozwi kodi ya ongezeko la thamani iwapo thamani yake haizidi pauni 39, na kiwango hicho kinatosha kabisa kwa soksi iliyojazwa kwa akili.

Zawadi ya kwanza kwa ubora ni khanga, nami sioni inayoikaribia. Kipande kimoja kina upana wa mita moja na kidogo na urefu wa mita moja na nusu hivi, kikikunjwa vizuri hutoshea kwenye kiganja, hakivunjiki, hakimwagiki, na hakuna ofisa wa forodha anayekiulizia. Matumizi yake katika nyumba ya ugenini ni mengi kuliko nilivyotarajia: binti yangu hujifunga anapotoka kuoga kwa sababu bafu ni la watu wote, hujitanda mabegani anapokaa sebuleni, hufunika nayo dirisha anapolala mchana baada ya zamu ya usiku, na ikifuliwa jioni inakauka kabla ya asubuhi juu ya kipasha joto cha chumbani, jambo ambalo taulo nene haliwezi katika nchi ambayo Desemba yake haina jua la kuanikia nguo.

Hata hivyo khanga za siku hizi si zote za pamba, na hapo mnunuzi anapaswa kuwa macho. Zile za nyuzi za viwandani zina rangi kali inayovutia kwenye rafu, lakini hazinywi maji na hulala mwilini kama karatasi ya nailoni. Njia niliyoiamini ni kuomba uzi mmoja wa ncha na kuuchoma: wa pamba huungua ukabaki jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoteketea, na usio wa pamba huyeyuka ukaganda kama tone gumu jeusi. Muuzaji mwenye bidhaa njema hakatai. Jambo la pili ni kwamba khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa bado havijatenganishwa, na ncha hazijapindwa. Mtoto aliye Leeds hana fundi cherehani barazani, kwa hiyo kazi hiyo imalizwe hapa. La tatu ni kuifua kwa maji baridi kabla ya kuituma, tena zaidi ya mara moja ikibidi, kwa maana khanga mpya ina wanga mwingi na nyingine huchuja rangi, na ikiingizwa kwenye mashine pamoja na sare nyeupe za mwenzake italeta ugomvi usio na sababu. Kuhusu jina la khanga, nimechagua lililoandikwa "Wema hauozi", nikiamini kwamba kwa mtu anayeuguza wageni usiku kucha maneno hayo yana mahali pake. Kipande kimoja nimemtumia, na cha pili ninakivaa mimi.

Baada ya khanga naiweka kahawa, na hapa ninapingana na wanaodhani kwamba kahawa nzuri ni lazima iwe ya punje zilizokaangwa. Arabika ya Kilimanjaro, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wenye tundu la kutolea hewa, ni kahawa ninayoiheshimu na ningempa yeyote mwenye kinu na chombo cha kuichujia. Lakini muuguzi anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kunywa kahawa yake kwa dakika chache za mapumziko anahitaji kijiko na maji ya moto tu. Kwa hiyo kopo dogo la Africafe la gramu 50, linalotengenezwa Bukoba na kiwanda cha TANICA kwa kahawa ya Kagera, limeishinda arabika katika soksi hii. Kopo ni la bati, linahimili kukandamizwa na mabegi mengine, na umbo lake la mduara hukaa vizuri sana katika kisigino cha soksi. Ladha yake ni nzito na yenye uchungu wa wazi, kwa sababu robusta ya ukanda ule wa ziwa haijifichi, na mtu aliyelelewa nayo akinusa kopo linapofunguliwa huitambua mara moja. Kwa asiyeizoea inaweza kuwa kali, na mwenzake mmoja wa nyumba ile aliinywa kwa maziwa nusu kikombe. Kopo lililokwisha kahawa sasa linamwekea sindano na vifungo.

Majani ya chai sikuyatuma wala sishauri yatumwe, kwa kuwa Waingereza wenyewe hunywa chai ambayo sehemu yake kubwa inatoka Afrika Mashariki, Kenya ikiongoza, na dukani kwao inapatikana kwa bei nafuu. Kinachokosekana ni viungo vya kuipika chai hiyo kama tuipikavyo sisi. Viungo nimevinunua Darajani, Unguja, na nimevilinganisha vya kusagwa na visivyosagwa. Masala ya chai yaliyosagwa yanarahisisha kazi, yakiwa na tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kwa pamoja, lakini yakishafunguliwa hupoteza harufu upesi, na pakiti nyingi za watalii zinazouzwa pale zimekaa juani muda mrefu kabla hujazifikia. Iliki nzima, iliyo bado ndani ya maganda yake ya kijani, hukaa miezi mingi bila kupungua nguvu, na vivyo hivyo vijiti vya mdalasini. Ushauri wangu ni kununua kiasi kidogo cha kila kimoja kutoka kwa muuzaji anayepima kwa mzani mbele yako, si vile vikapu vya makuti vilivyopangwa pakiti za rangi kwa ajili ya picha, kisha kuvitia katika kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha. Chupa za kioo ziachwe, kwa kuwa ni nzito na moja ikivunjika soksi nzima huwa haifai. Andika jina la kila kiungo, kwa maana ofisa wa forodha akikuta unga wa kahawia usio na jina ana haki ya kuufungua.

Zawadi iliyonigharimu fikra nyingi ni mafuta ya mikono. Mtu anayefanya kazi wodini hunawa mikono kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa, na baridi ya Uingereza ikiongezwa juu ya hapo, ngozi hupasuka kwenye vifundo vya vidole hadi kutoa damu. Nilianza kwa kufikiria mafuta ya nazi, ambayo hapa tunayaamini kwa ngozi na nywele, lakini yana tabia moja inayowashinda wasafirishaji: huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi. Maana yake ni kwamba Dar es Salaam mwezi wa Desemba ni maji matupu yanayotafuta upenyo wa kutokea, na Leeds ni jiwe linalokwaruzwa kwa kijiko. Nta ya nyuki ndiyo inayotatua jambo hili, kwa sababu yenyewe huyeyuka baada ya nyuzi 60, na ikichanganywa na mafuta ya nazi kwa kiasi cha sehemu moja ya nta kwa tatu au nne za mafuta, hupatikana mafuta mgando yasiyomwagika kwetu wala kuganda kupita kiasi kwao, yanayolainika yakiguswa na joto la kidole.

Mafuta ya namna hiyo hutengenezwa na wajasiriamali wengi, na mahali rahisi pa kuwakuta pamoja ni kwenye maonyesho ya Sabasaba, barabara ya Kilwa, ambako mabanda ya wafugaji nyuki wa Tabora na Singida huuza asali, nta na vitu vinavyotokana navyo. Sabasaba ni mwezi wa Julai, lakini mafuta haya yasiyo na maji ndani yake hayaharibiki upesi, kwa hiyo kununua mapema hakuna hasara. Chagua kikopo kidogo cha bati, na chagua yasiyotiwa manukato. Nilijaribu kikopo chenye mafuta ya karafuu, harufu yake nzuri mno, lakini karafuu huchoma ngozi iliyopasuka, na aliyeyahitaji hakuweza kuyatumia mpaka mikono ilipopona. Yale yasiyo na harufu yamekuwa ndiyo zawadi inayoombwa tena, na sasa natuma vikopo vya wenzake pia.

Pamoja na hayo nimetuma sabuni za mwani kutoka pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na vijiji jirani, ambako kilimo cha mwani kinachofanywa zaidi na wanawake kimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Sabuni ni zawadi ya safari iliyo kamili: ni ngumu, haihesabiwi miongoni mwa vimiminika vinavyowekewa kikomo cha mililita 100 kwenye begi la mkononi, na huutia uturi mzigo wote. Kasoro yake ni moja, kwamba ile iliyotengenezwa kwa mkono ikikaa kwenye maji hulainika haraka, hivyo anayepokea aambiwe aiweke mahali pakavu. Bei yake kisiwani iko juu kuliko sabuni ya kawaida, na naona ni halali, kwa sababu mkulima wa mwani akiuza mwani mkavu peke yake hupata kidogo sana, na sabuni ndiyo inayomwachia kitu.

Vitafunwa nitavipitia kwa haraka. Korosho za Mtwara zilizokaangwa ni tamu na hazina tatizo la forodha, lakini ni nzito kwa thamani yake, na korosho zinapatikana katika kila duka la Uingereza. Tena katika nyumba ya watu wengi ulizia kwanza kama yupo mwenye mzio wa njugu na korosho, kwa kuwa kwa wengine ni jambo la kufa na kupona. Ubuyu wa Zanzibar, kwa upande mwingine, hauna mbadala huko. Unga wa ubuyu mtupu uliidhinishwa na Umoja wa Ulaya kama chakula kipya mwaka 2008, wakati Uingereza ingali mwanachama, na sasa unauzwa London kama kirutubisho cha bei kubwa, ila ubuyu wetu uliopikwa kwa sukari, iliki na pilipili hakuna aliyeuiga. Ufungwe ndani ya kichupa kisichopitisha hewa, kwa maana ukipata unyevu huwa gundi, na rangi yake nyekundu ikifika kwenye khanga haitoki. Mimi humwomba muuzaji ule uliotiwa rangi kidogo.

Kazi za sanaa nazo zina nafasi, ila kwa masharti. Picha za Tingatinga, zilizoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Oysterbay mnamo 1968, zamani zilichorwa juu ya vibao vya mraba, lakini siku hizi zipo za kitambaa zenye ukubwa wa kiganja, zinazoviringishwa na kuingia katika mguu wa soksi. Rangi yake ni ya mafuta yenye kung'aa, hivyo isikunjwe kamwe, na inapoviringishwa upande uliochorwa uwe nje ili rangi isipasuke. Ukiinusa ikiwa bado ina ukali, haijakauka vizuri, iache mpaka wiki ijayo. Pale kwenye jengo la ushirika wao, karibu na Morogoro Stores, unaweza kumwona mchoraji akiwa kazini na kumwomba ndege au samaki umtakaye, na hilo linapendeza kuliko kununua kwa mchuuzi wa ufukweni. Bei hutegemea mkono wa mchoraji, na tofauti kati ya picha iliyochorwa kwa moyo na ile ya kunakiliwa kwa haraka inaonekana hata kwa jicho lisilofundishwa: tazama mistari midogo ya manyoya na magamba.

Vinyago vya mpingo vya soko la Mwenge nilivifikiria na kuviweka kando, isipokuwa kijiko kidogo cha sukari. Mpingo uko katika orodha ya kimataifa ya miti inayosimamiwa katika biashara, ingawa vitu vilivyokwisha kutengenezwa vyenye mbao zisizozidi kilo 10 kwa mzigo havidaiwi kibali, kwa hiyo kijiko hakina shida. Tatizo ni udanganyifu wa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Mpingo wa kweli ni mzito na huzama ukitiwa majini, na ukikwaruza chini yake weusi haubanduki. Isitoshe, hewa kavu ya nyumba zinazopashwa joto hupasua vinyago vikubwa. Makombe ya baharini yasitumwe kabisa, kwani kuyatoa nchini kunahitaji kibali na baadhi yake yanalindwa kimataifa.

Bangili za shanga ni nyepesi na nzuri, na kwa mtoto mwenye kazi ya ofisini zingestahili nafasi ya juu. Kwa muuguzi wa Uingereza hazifai, kwa kuwa kanuni za hospitali za huko zinataka mikono iwe wazi kuanzia kiwiko hadi vidole, bila saa wala bangili, ili kuzuia maambukizi. Badala yake nimenunua kishikio cha funguo cha shanga kilichosukwa na mama mmoja wa Kimasai pale Mwenge, nacho kinafanya kazi kila siku mlango unapofunguliwa.

Soksi yenyewe haikununuliwa. Fundi wangu wa mtaani aliishona kwa kitenge chenye bitana ya pamba, kwa kipimo cha goti hadi kidole cha mguu wa mtu mzima, akaitia kitanzi imara cha kutundikia, na gharama ya ufundi ilikuwa chini ya bei ya soda chache. Ikiwa tupu hulala bapa kama karatasi, haijazi begi, na mwaka unaofuata inatumika tena. Ningependa wazazi wengi wafanye hivi kuliko kununua zile soksi nyekundu za plastiki zinazojaa madukani mwezi wa Novemba.

Kuhusu kufunga, usivifunge vitu kwa karatasi ya zawadi iliyogandishwa pande zote. Wengi wetu humpa mzigo mtu anayesafiri, na uwanjani msafiri huulizwa kama amefunga begi lake mwenyewe na kama amepewa kitu na mtu mwingine. Ana haki ya kuona kila kitu kabla ya kukibeba, na hapaswi kuona haya kuomba. Mimi humfungulia soksi mbele yake, nikamtolea kimoja kimoja, kisha naviringisha yote ndani ya ile khanga, ambayo hulinda kopo na vichupa vizuri kuliko karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo asipewe mzigo ndani yake.

Asipopatikana wa kumpa, Posta ipo. Uzito wa soksi hii, ikiwa na yote niliyoyasifu, haufiki kilo mbili, ambacho ndicho kikomo cha pakiti ndogo kimataifa, na anayetaka uhakika wa kuifuatilia alipie EMS, huduma ya Posta ya kutuma mizigo kwa haraka. Ipelekwe mapema Novemba, kwa kuwa Desemba mizigo hurundikana pande zote mbili. Katika fomu ya forodha andika kila kitu kwa jina lake na bei yake ya kweli, na uonyeshe kuwa ni zawadi. Neno "zawadi" peke yake bila maelezo ndilo linalofanya kifurushi kifunguliwe, na kikifunguliwa na kukadiriwa upya, atakayedaiwa kodi pamoja na ada ya msafirishaji ni mtoto mwenyewe.